Namna ya Kuimba Hadi Maporomoko Yanyamaze

Amka saa kumi na moja alfajiri, kabla malori ya kwenda Kigali hayajaanza kunguruma kwenye foleni ya mpakani. Teremka hadi maporomoko ya Rusumo, lakini usisimame darajani. Pale nchi mbili zinapakana na askari wa zamu hayuko pale kusikiliza mazoezi ya sauti. Tafuta mahali upande wetu wa Ngara ambapo mngurumo wa maji unakufikia vizuri bila kukuziba masikio. Vuta pumzi hadi tumboni. Toa irabu moja tu, "aaa," uinyooshe mpaka pumzi iishe, kisha anza tena. Kazi yako ni kuimba hadi maporomoko yanyamaze.

Jambo hili lina mwenyewe. Ryonin, mtawa wa Kijapani aliyezaliwa 1073 na kufariki 1132, alihamia Ohara, bonde lililofichwa na milima kaskazini mwa mji wa Kyoto, na akawa anakwenda kuimba mbele ya maporomoko ya huko. Wenyeji wanasimulia kwamba sauti yake na sauti ya maji zilikuja kulingana kabisa, zikawa sauti moja, hata maji yakawa hayasikiki tena. Maporomoko hayo yapo hadi leo na yanaitwa Otonashi no Taki, yaani maporomoko yasiyo na sauti. Ni madogo. Ukiyaweka kando ya Rusumo yetu, iliyofungiwa mtambo wa megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, utaona kwamba Ryonin alianza na kazi nyepesi kuliko yako.

Kama unakaa Biharamulo usikate tamaa. Panda basi hadi njia panda ya Nyakanazi, ukamate jingine la Ngara. Nauli ikikosekana, subiri masika. Mvua ikipiga kwenye bati la shule, mwalimu huacha kufundisha kwa kuwa hasikiki. Hapo ndipo wewe uanze kuimba.

Sasa jifunze neno lenyewe. Uimbaji wa Ryonin unaitwa shomyo. Huandikwa kwa herufi mbili za Kichina, ya kwanza ikiwa na maana ya sauti na ya pili ya nuru au uwazi. Neno hilo halikuzaliwa Japani wala Uchina. Wahindi wa kale walikuwa na elimu tano ambazo msomi alipaswa kuzijua, na mojawapo ilikuwa elimu ya lugha, kwa Kisanskriti shabdavidya. Wachina walipoitafsiri wakapata herufi hizo mbili, wao wakizisoma shengming, na bado ilikuwa elimu ya sarufi. Ilipofika Japani, ikawa jina la kuimba maandiko ya Buddha hekaluni. Neno lilitoka darasani likaishia kwenye kwaya. Siku hizi Mjapani akizisoma herufi zilezile seimei, maana yake ni tamko, kama lile linalotolewa na wizara likasomwa kwenye taarifa ya habari. Kwa hiyo ukizikuta mahali, kwanza uliza zinasomwaje, usije ukangoja wimbo ukaletewa waziri.

Kabla ya shomyo kulikuwa na neno la Kichina, fanbai. Fan ni jina walilotumia kwa mambo ya Bara Hindi, hasa lugha yake takatifu. Bai ni kuimba kwa kusifu, na inatokana na neno la Kihindi lililokatwa mkia kinywani mwa Wachina. Masimulizi yao yanampa heshima ya kuanzisha fanbai mwana wa mfalme, mshairi Cao Zhi aliyeishi kati ya 192 na 232. Inasemekana alipanda mlima Yushan, mkoa wa Shandong, akasikia sauti za mbinguni zikiimba, akazishika na kuzitungia maneno ya Kichina. Yushan maana yake ni Mlima wa Samaki. Wajapani waliposoma habari hizo walilichukua jina la mlima wakalibandika kwenye bonde lao la Ohara, kwa matamshi yao Gyozan. Kwetu hilo si geni, maana nasi tuna vijiji vilivyopewa majina ya mahali walikotoka waanzilishi wake.

Hapa mwongozo unafika penye uzito, nami nakuomba ukae.

Mwanzoni mwa karne ya 6 mtawa wa Kichina aitwaye Huijiao aliandika wasifu wa watawa mashuhuri. Katika sura ya waimbaji alieleza tatizo ambalo kila mwalimu wa kwaya wa Kagera analijua, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Maneno ya Kihindi, alisema, ni marefu, silabi zimefuatana. Ya Kichina ni silabi mojamoja. Ukichukua tuni ya Kihindi ukaipachikia maneno ya Kichina, sauti zinajaa na maneno yanabanwa. Ukichukua tuni ya Kichina ukaipachikia maneno ya Kihindi, wimbo unakwisha maneno yangali yamepanga foleni. Basi wakatafsiri maandiko mengi, lakini nyimbo nyingi za asili hazikuvuka.

Kichina kina ugumu mwingine pia. Maana ya neno hubebwa na mpando na mshuko wa sauti. Tang ya sauti ya juu iliyonyooka ni supu, na tang ya sauti inayopanda ni sukari. Mtunzi wa tuni akijiendea zake bila kulisikiliza neno, ataweka sukari palipotakiwa supu.

Sisi wa Ngara tuna Kihangaza, na mambo ni hayohayo. Niliyashuhudia nikiwa kwenye mstari wa besi. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa mtu wa Biharamulo, mwenye sikio zuri na kinanda cha betri, na alikuwa ametunga wimbo wa Majilio kwa maneno ya Kihangaza kuwafurahisha wazee. Tulijifunza kwa nota, do-re-mi, jioni tatu mfululizo chini ya mwembe. Jioni ya nne bibi mmoja aliyekuja kumngoja mjukuu wake aliinuka kutoka kwenye gogo alilokuwa amekalia, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwalimu, mwanangu, samahani. Huyu Mama wa Mungu, mbona mnamtia chawa?"

Neno lilikuwa inda. Katika Kihangaza, kama ilivyo katika Kirundi na Kinyarwanda ambavyo ni ndugu zake wa karibu, inda ni tumbo au mimba, na inda ni chawa. Herufi ni zilezile. Kinachotenganisha mama mjamzito na mdudu wa kichwani ni sauti kupanda au kushuka. Kinanda kilikuwa kimepanda mahali ambapo ulimi wa Ngara unashuka. Vijana wa sauti ya tena waliangua kicheko. Mwalimu hakukasirika, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Alizima kinanda, akamsogezea bibi kiti, akasema: "Shikamoo bibi. Naomba unitamkie mstari wote, polepole, kama unavyoongea nyumbani." Bibi akatamka. Mwalimu akachukua penseli, na juu ya kila neno akachora kijistari: kinachopanda, kinachoshuka, kilicholala. Ukurasa ulipojaa akatunga tuni upya kwa kufuata vile vijistari.

Basi agizo la pili la mwongozo huu ni hili: usianze mazoezi bila bibi. Kinanda utakipata baadaye, au usikipate kabisa.

Anayeimba kwa Kiswahili asidhani amepona. Kiswahili hakina mpando wa Kihangaza, lakini kina mkazo, na mkazo una mahali pake. Barabara yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni ya kupitia magari. Ukiusogeza nyuma silabi moja, inakuwa vizuri sawasawa. Fungua kitabu chochote cha nyimbo zilizotafsiriwa kwa tuni za Kijerumani au Kiingereza, uhesabu maneno yanayolazimishwa kusimama kwa mguu mmoja ili yafike mwisho wa mstari pamoja na ogani. Tumezizoea na tunazipenda, mimi nikiwamo. Hata hivyo Huijiao angezisikia angetikisa kichwa kwa huruma.

Tatizo la tuni likikushinda, lipo la maneno: ubebe maana au ubebe sauti? Kumarajiva, mtawa kutoka ufalme wa Kucha aliyefika Chang'an mwaka 401 na kuongoza kazi kubwa ya tafsiri kwa Kichina, alilalamika kwamba kutafsiri ni kama kumtafunia mtu wali ukamlisha. Utamu unapotea, na mlaji anapatwa na kichefuchefu. Miaka zaidi ya mia mbili baadaye alikuja Xuanzang, aliyekwenda Bara Hindi kwa nchi kavu na kurudi 645 na mzigo wa vitabu. Inayohesabiwa kuwa yake ni kanuni ya aina tano za maneno yasiyopaswa kutafsiriwa, yaachwe na sauti yake. La siri usilitafsiri. Lenye maana nyingi kwa pamoja usilitafsiri. Ambalo wazee waliotangulia waliliacha, nawe uliache. Lenye kuleta heshima kwa sauti yake liache pia: prajna ingeweza kuitwa hekima tu, lakini hekima ni neno la kila siku, hivyo wakaacha sauti, Wachina wakasema bore na Wajapani hannya. Na la kitu kisichopatikana nchini mwenu, liache. Mfano wake ulikuwa mti wa jambu, ambao Uchina haukuwepo.

Mti wa jambu ni mzambarau. Neno zambarau nalo lilifika pwani yetu kutoka Bara Hindi likiwa limeshikana na tunda lake, na hakuna aliyejisumbua kulitafsiri. Mtoto wa Biharamulo mwenye ulimi uliogeuka buluu anaitii kanuni ya Xuanzang bila kuambiwa.

Ukitaka kuitumia kanuni hii kanisani, angalia kwanza nani ametangulia. Amina tuliiacha na sauti yake, na Aleluya pia. Misikitini Kurani inasomwa kwa Kiarabu, na mtoto wa madrasa anafundishwa mahali pa kuvuta na mahali pa kukata kabla hajafundishwa tafsiri. Jina la Mungu lilizua kazi kubwa zaidi. Rwanda, wamisionari wa mwanzo walitumia Mungu la Kiswahili, kwa kuogopa kwamba Imana ya wenyeji ilikuwa na mizigo ya kale, na baadaye wakarudi kwenye Imana. Wachina walipita palepale kwa kinyume: mwanzoni waliazima maneno ya Dao, dini yao ya kale, kueleza mafundisho ya Buddha. Baadaye wakaona wageni na wenyeji wanatumia neno moja kwa mawazo mawili, wakaanza kuyaacha moja baada ya jingine.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Tukutendereza Yesu. Uamsho ulipoanza kusambaa kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka mto Kagera na kuingia kwa Waanglikana wa upande wetu, wimbo huo ulikwenda nao. Ni wa Kiganda. Umeimbwa na Wahangaza, Wanyarwanda, Wahaya, Wakikuyu, watu ambao nje ya neno hilo hawana Kiganda cha kuombea maji. Hakuna baraza lililokaa kuamua usitafsiriwe. Watu walisalimiana nao, wakazikana nao, na sauti yenyewe ikawa ndiyo maana. Maneno ya mitume wa Uamsho yangeweza kutafsiriwa yote na lile moja likabaki, kama hannya.

Kutoka Uchina, kazi hiyo ya kuimba maandiko ilivuka bahari hadi Japani. Mwaka 752, jijini Nara, hekalu la Todai-ji lilizindua sanamu kubwa ya shaba ya Buddha. Mtawa kutoka Bara Hindi, Bodhisena, ndiye aliyeichora macho, na watawa kwa mamia wakaimba. Mtawa wa Kijapani, Kukai, alirudi kutoka Uchina 806 na namna yake ya kuimba, ambayo ingali hai mlimani Koya. Mwingine, Ennin, alikaa Uchina kati ya 838 na 847, akaandika shajara ya safari, akarudi na nyimbo ambazo baadaye Ryonin alizikusanya Ohara na kuzifanya mkondo mmoja. Sauti za Kisanskriti zilipita kwenye koo za Kichina, kisha za Kijapani, na kila koo likaacha alama yake. Hakuna aliyeona haya.

Ili zisipotee waliziwekea alama. Kando ya kila herufi walichora vijistari: kinachopanda, kinachoshuka, kinachojikunja, kilicholala. Alama hizo zinaitwa hakase, na mwaka 1472 watawa wa mlima Koya walizichapa kwa mbao kwenye kitabu cha nyimbo, miongoni mwa vitabu vya muziki vya mwanzo kabisa kuchapwa duniani. Nilipoona picha ya ukurasa mmoja wa aina hiyo, niliukumbuka mwembe na penseli ya mwalimu. Alikuwa amefika mahali palepale kwa njia ya bibi. Lakini hata wenye hakase husema karatasi haitoshi. Mwanafunzi hukaa mbele ya mwalimu, akaimba anavyoimbiwa, miaka kwa miaka, mpaka atakapoweza kuliona kosa lake kabla halijatoka.

Usihangaike kutafuta shomyo Tanzania. Dar es Salaam, mtaa wa Upanga, lipo hekalu la Kibuddha lililoanzishwa na Wasinhala mwanzoni mwa karne ya 20, na ukienda utapokewa, ila huko wanaimba kwa Kipali, mkondo wa kusini ambao haukupita Uchina. Nenda kwa adabu, usikilize, lakini usimwombe mtawa wa Kisinhala akuimbie ya Ohara.

Kilicho karibu nawe zaidi ni inanga. Burundi, ng'ambo ya Ruvubu, kuna ufundi wa kuimba kwa mnong'ono juu ya zeze hilo la mbao lenye umbo la hori. Mwimbaji haachii sauti kabisa. Anapitisha maneno kwa pumzi, na nyuzi ndizo zinazopanda na kushuka badala ya koo lake. Msikilizaji anaunganisha mwenyewe, midomo inampa herufi na nyuzi zinampa mpando. Lile tatizo la Huijiao, la tuni na neno kugombana, hapa halina pa kuanzia, kwa sababu tuni ni neno. Kaskazini kwetu, Muleba na Bukoba, chombo hicho kinaitwa enanga, na Wahaya wamekitumia kusimulia tendi ndefu za mashujaa. Profesa Mugyabuso Mulokozi amezifanyia utafiti wa kina, na mafundi kama Habibu Selemani majina yao yanajulikana. Japani walikuwa na watawa vipofu waliozunguka na chombo cha nyuzi kiitwacho biwa, wakiimba habari za vita vya ukoo wa Heike, na koo zao zilikuwa zimenolewa na shomyo. Mmoja wao angefika kwa mzee wa enanga wa Ihangiro, wasingeelewana neno hata moja, ila nadhani wangekesha.

Sasa rudi Rusumo, tumalize mazoezi. Ohara ina vijito viwili vinavyopita pande mbili za hekalu la Sanzen-in. Kimoja kinaitwa Ryo na kingine Ritsu, majina ya ngazi mbili za sauti katika shomyo. Mjapani ambaye ulimi umekuwa mzito kwa pombe, wanasema ryo na ritsu zake hazizunguki, ingawa wao kwa mazoea wameshalipinda neno wanatamka roretsu. Kwa sababu hiyo usipitie kwenye rubisi kabla ya mazoezi. Ipitie baadaye.

Wewe huna vijito, una mito. Ruvubu inatoka Burundi, Kagera inatoka Rwanda ikiwa imebeba maji ya Nyabarongo, na inakutana juu kidogo ya maporomoko. Simama, ita mmoja Ryo na mwingine Ritsu ukipenda, mito haina kinyongo. Vuta pumzi. Safari hii usitoe "aaa" tupu. Chukua neno la Kihangaza ulilolelewa nalo, ulitamke kwanza kama linavyosemwa jikoni, usikie linapopanda na linaposhuka. Halafu linyooshe bila kulivunja. Anza taratibu, kwa sauti ya chini.

Yule bibi tulimpeleka na kwaya siku moja, tulipokuwa tukipita kwenda kwenye hija. Gari lilisimama ili watu wajinyooshe. Alishuka akiwa ameshika kanga yake kwa sababu ya upepo wa maji, akayatazama maporomoko kwa muda, kisha akauimba ule mstari wa Majilio, wenye tuni mpya, peke yake. Tuliokuwa hatua kumi nyuma tuliona midomo ikienda, hatukusikia kitu. Mwalimu alisogea karibu akainamisha sikio. Aliporudi nilimuuliza kama bibi aliimba sawa.

"Inda imekaa mahali pake," akasema, akatuhimiza tupande gari.